Kioo Namba Tatu

Walipanga vipande vinane juu ya meza,
kila kimoja ukubwa wa sahani ya wali:
kijani cha chupa, buluu ya bahari ya kwenye kalenda,
kijivu, shaba, vingine sikuvishika majina,
na kile namba tatu,
upande mmoja cheusi, upande wa pili maji matupu.

Mimi ni mkadiriaji. Kazi yangu kuhesabu,
si kupenda.

Bwana Shekiondo alikiinua namba tatu, akajiona,
akaweka kola sawa.
"Hiki," akasema. "Ghorofa kumi na nne, chini mpaka juu.
Mtu akitoka uwanja wa ndege aulize, lile la nani?"

Rukia, msanifu, hakubisha.
Alikichukua kioo, akakilaza kizingitini mwa dirisha,
Februari, saa saba mchana,
akarudi kwenye ramani na penseli yake:
uso huu unatazama magharibi,
jua la utosini paa litalibeba,
la jioni huingia ubavuni, halina hodi.
Akachora vibaraza virefu, mapezi ya zege,
na matofali ya matundu
kama ya shule niliyosoma Upanga,
ambako upepo uliingia darasani bila sare
na mwalimu hakuutimua.

Zilipita dakika ishirini.
"Bosi, nisaidie kile kipande."
Alikishika. Akakiachia.
Hakikuvunjika; ni kioo kizuri, nakiri.
Alipuliza vidole, akacheka kwa sauti:
"Si tutaweka viyoyozi?"

Kwenye jedwali langu viyoyozi vina safu yao.
Niliandika mitambo miwili juu ya paa.
Nikafuta. Mitatu.
Kwenye safu ya vivuli
niliandika sifuri,
nikairudia kwa wino ili isomeke,
ikakaa pale, duara, inang'aa.

Jengo limesimama. Kariakoo nzima inalijua.
Mawingu hupita tumboni mwake kama mzigo wa pamba
na watu hupiga picha.
Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.
Ukiona vyang'aa, jua linalipiwa,
uniti kwa uniti, mwisho wa mwezi.

Juzi nilipanda kudai malipo yangu ya mwisho.
Ghorofa ya sita wamebandika magazeti kwenye kioo,
ya nane maboksi ya karatasi yaliyokatwa kwa kisu.
Taa zimewashwa, saa tisa ya mchana.
Karani wa karibu na kiyoyozi amevaa sweta,
wa karibu na dirisha anajipepea na faili.
Nilisogea nikalisoma jalada:
faili langu.

"Njoo Jumatatu," alisema, akijipepea.

Ng'ambo ya barabara, upande wa magharibi,
Mwasiti anatengeneza simu chini ya mwavuli.
Miaka yote, adhuhuri ikipita,
aliulaza mwavuli kuelekea Magomeni, basi.
Siku hizi saa kumi
jua la pili humchomozea mashariki,
limeoshwa, limepigwa pasi,
linamwangukia juu ya skrubu zake ndogo
hadi hawezi kuzitofautisha na vumbi.
Amenunua mwavuli wa pili.
Nimeyapitia makadirio yangu, kurasa mia na kumi na mbili.
Mwavuli ule haumo.

Rukia sijamwona tena. Nasikia yuko Tanga,
anajenga zahanati, ukuta wa matundu.

Kile kipande ninacho mimi, Mbagala.
Siku ya kufunga mradi kilibaki mezani, nikakitia mkobani.
Mke wangu anaanikia pilipili juu yake.
Asubuhi mbichi, jioni zinalia kama njuga.
Jirani wamekuja kuuliza siri.
Anawaambia: mume wangu
alileta kutoka kazini.